Siku Sita Juu ya Meza

Wako watu, wengi wao Marekani, Uingereza na Ufaransa, ambao jioni zao huishia juu ya ramani ya vita vilivyokwisha zamani. Ramani imegawanywa vyumba vidogo vya pembe sita. Juu yake wamepanga vipande vya kadibodi vyenye upana wa nusu inchi. Kila kipande ni kikosi, na kila kikosi kina namba zake, moja ya nguvu na nyingine ya mwendo. Mchezaji hurusha dadu, hutazama jedwali, kisha kikosi husogea, hurudi nyuma au huondolewa. Mmoja wa watu hao ni rafiki yangu, mzaliwa wa mji wetu wa Kisangani, Kongo, anayeishi Liège, na yeye ndiye aliyeniletea habari kwamba vita vyetu navyo vimo katika michezo hiyo. Mwaka 2015 kampuni ya Decision Games ya Marekani ilitoa mchezo mdogo wa mtu mmoja uitwao Congo Merc, juu ya vita vya 1964. Mchezaji ni kamanda wa mamluki anayepigana na waasi wa Simba. Mwaka uliofuata Studio Tomahawk ya Ufaransa ikatoa mchezo wa visanamu uitwao Congo, wa enzi za misafara ya karne ya kumi na tisa, na mojawapo ya pande zake ni Wazanzibari wenye bunduki, watu wa aina ya wale waliofika na Tippu Tip hadi kwenye maporomoko yetu na kutuachia lugha hii ninayoandikia.

Wapo jamaa zangu waliochukia kusikia hivyo, na siwalaumu. Damu ya watu kuwa starehe ya mtu aliye mbali ni jambo zito. Lakini mimi nilitaka kwanza kujua wachezaji wanatafuta nini, maana kwa rafiki yangu niliona kitu kilichozidi starehe.

Mchezo huu una nasaba ndefu. Mwaka 1812 Georg Leopold von Reisswitz wa Prussia alimtengenezea mfalme wake meza yenye vilima, mito na vijiji vinavyoweza kupangwa upya. Mwanawe, ofisa wa mizinga, akauhamishia mchezo kwenye ramani ya karatasi na kuchapisha kanuni zake mwaka 1824. Miaka mitatu baadaye kijana huyo alijiua. Jeshi likaendelea kuucheza bila yeye. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu Little Wars, chenye kanuni za kupiganisha askari wa bati sakafuni kwa mizinga ya kuchezea, na mwishoni mwake akasema kwamba anayeucheza mara chache tu ataona vita vya kweli vilivyo jambo la kuharibu ovyo. Mwaka mmoja baadaye Ulaya nzima ikawaka. Mmarekani Charles Roberts alichapisha mchezo wake wa kwanza, Tactics, mwaka 1954, na ndiye baba wa michezo ya vita inayouzwa madukani. Kisha Januari 1967 Chris Wagner, askari wa anga wa Marekani aliyekuwa Japani, akaanzisha jarida lililoitwa Strategy & Tactics. Mwaka 1969 lilichukuliwa na James Dunnigan wa New York, na chini yake kila toleo likaanza kuja na mchezo mzima ndani: ramani iliyokunjwa, karatasi ya vipande, kanuni, na makala ndefu juu ya vita vyenyewe.

Jarida lenye vita ndani yake. Rafiki yangu ana rafu nzima ya majarida ya namna hiyo, na alipokuja likizo alileta mawili matatu. Tulikaa kwenye baraza katika komini ya Makiso, meza tumeifunika kwa kioo cha dirisha ili upepo wa mto usipeperushe ramani. Vipande vyake hakuvishika kwa vidole. Alivichukua kwa kibano, kimoja kimoja, na nilipovitazama kwa karibu niliona pembe za kila kimoja zimekatwa kidogo kidogo, zote nne, kwa mkasi wa kucha. Wanavitoa kwenye karatasi yake, akaniambia, na pembe zikibaki na nyuzi za kadibodi hazikai sawa zikirundikwa. Kwa hiyo mtu huketi usiku na kukata pembe mia nne, mia nane. Wale wa visanamu nao hupaka rangi watu wenye urefu wa milimita 28: kilemba, kamba ya baruti, weupe wa jicho. Mtu anayekata pembe za kikosi kilichoangamia miaka themanini iliyopita, ili kikae sawa juu ya barabara yake, ana upendo fulani kwa jambo lililopita. Sina jina jingine la kuupa.

Na wanajua mambo! Kwa rafiki yangu, siku ya 24 Novemba 1964, Jumanne, ina saa na dakika. Askari wa miavuli wa Ubelgiji wapatao 320 wameruka alfajiri juu ya uwanja wa ndege wa Simi-Simi wa Stanleyville, kama Kisangani ilivyoitwa wakati huo, kutoka ndege za C-130 za Marekani. Wametokea Kamina, na kabla ya hapo kisiwa cha Ascension kilicho katikati ya Atlantiki. Kamanda wao ni Kanali Charles Laurent. Kwa nchi kavu inakuja safu ya Kanali Vandewalle, ndani yake mamluki wa Mike Hoare. Mjini, mateka wa Kizungu waliofungiwa Hoteli Victoria wanatolewa barabarani, na milio ya bunduki za askari wa miavuli inapokaribia risasi zinaanza kuwalenga. Daktari Paul Carlson, mmisionari wa Marekani, anauawa akijaribu kuruka ukuta. Rafiki yangu anaonyesha kwa kibano: hapa, kona hii.

Nikamuuliza kuhusu Wakongo waliouawa na waasi mbele ya mnara wa Lumumba katika miezi iliyotangulia, na wale waliouawa baada ya mji kukombolewa, walioonyeshwa kidole na jirani kuwa ni Simba au ndugu wa Simba. Alinyamaza. Mateka waliokufa siku ile wana majina, umri, picha, na makaburi yanayotembelewa. Wenzao wa mtaa uleule, waliokufa miezi ile, hakuna aliyewaandika hivyo. Siyo kwamba mtengenezaji wa mchezo aliwaacha kwa ubaya. Alitengeneza mchezo kutokana na vitabu, na katika vitabu hawamo.

Lakini hilo silo lililonishika sana. Kilichonishika ni kile kinachotokea mchezo ukiisha. Vikosi vilivyoondolewa hukaa kwenye kisahani kando ya ramani. Mchezaji akishamaliza, hukichukua kisahani, humimina vyote katika mfuko mmoja, na keshoye huvipanga tena mahali vilipokuwa asubuhi ya kwanza. Tarehe inarudi. Waliokufa wanasimama. Na swali linaloulizwa mezani huwa moja, kwa kila vita, kuanzia Waterloo hadi Stanleyville: je, ingekuwaje kama? Kama kikosi kile kingewahi saa mbili. Kama daraja lingevunjwa. Kama mvua isingenyesha.

Mama yangu hajawahi kuona mchezo wa aina hiyo, na anaucheza tangu Juni 2000.

Anaucheza usiku, peke yake, na hatua zake zote nazijua kwa sababu husema kwa sauti akidhani tumelala. Kama tungevuka mto Jumapili kwenda Lubunga na majirani. Kama ndoo ya bluu ingekuwa imejaa tangu Jumanne. Kama angemtuma binti mkubwa, ambaye ana miguu mizito lakini husikiliza. Kama mtoto angepita nyuma ya misioni badala ya barabara ya mbele. Kila hatua anaipeleka hadi mwisho wake, na katika nyingi kaka yangu anarudi na ndoo kichwani. Kisha asubuhi inafika, anawasha moto, na tarehe hairudi.

Kaka alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mimi nilikuwa mdogo wake kwa miaka sita, na ninachokikumbuka kwake kwa wazi ni udongo. Alikuwa akiuchota kwenye kingo za mto Tshopo, chini ya daraja, udongo wa kijivu unaonata kidoleni, na kutoka huo akatengeneza majeshi. Hii ilikuwa baada ya Agosti 1999, Wanyarwanda na Waganda walipopigana mjini kwa mara ya kwanza, kuanzia tarehe 14 hadi 17. Walikuja Kongo kama washirika mwaka 1998, wakagombana juu ya uongozi wa waasi waliokuwa wakiwaunga mkono, na juu ya almasi na nani atautawala mji. Watoto wote wa Kisangani waligeuka majenerali mwezi ule. Kaka aliwakausha askari wa upande mmoja juani wakabaki na rangi yao, wa upande wa pili akawaweka juu ya jiko la makaa mpaka wakawa weusi. Daraja lilikuwa kipande cha ubao. Bunduki zilikuwa njiti za kiberiti, mizinga ilikuwa vizibo vya bia ya Primus vilivyopindwa kwa nyundo.

Kisha akaendelea kufinyanga, na hapo ndipo alipotofautiana na watoto wengine, na pia, naona sasa, na watu wa New York. Alimfinyanga mama mwenye beseni la samaki kichwani. Akamfinyanga mtu wa toleka, teksi ya baiskeli, na baiskeli yake ya waya, abiria amekaa nyuma upande upande kama wanavyokaa wanawake waliovaa kitenge. Akafinyanga mvuvi Mwagenia na tego lake la kamba za msituni, padre mwenye tumbo, mtoto mwenye ndoo. Wote aliwaweka ubaoni, kwenye daraja. Kanuni yake ilikuwa moja: askari wa upande wowote hawavuki mpaka watu wote wawe wamevuka kwanza. Na kwa kuwa alimfinyanga mtu mpya karibu kila jioni, daraja halikuisha watu. Vita vyake havikuwahi kuanza vizuri. Wenzake walichoka wakaenda kucheza mpira.

Jumatatu tarehe 5 Juni 2000 vikaanza vile vingine. Watu wa kwetu huviita vita ya siku sita na hawahitaji kuongeza mwaka. Jeshi la Uganda lilikuwa kaskazini, ng'ambo ya mto Tshopo. Jeshi la Rwanda lilikuwa mjini. Makubaliano ya kuondoa majeshi mjini yalikuwa yamefikiwa mwezi Mei, na waangalizi wa Umoja wa Mataifa walikuwa papo hapo. Makombora yalipita juu ya nyumba, na mengi hayakupita. Komini ya Tshopo, iliyo kati ya mto na mji, ndiyo iliyopigwa kuliko zote. Kanisa kuu la Notre-Dame lilipigwa, shule zilipigwa, hospitali zilipigwa. Umeme ulikatika na maji ya bomba yakakatika, na hapo ndipo ndoo ya bluu inapoingia. Siku ya tatu, Jumatano, kaka alitoka kwenda kwenye chemchemi. Alizikwa usiku ule kwenye parseli yetu, nyuma ya jiko, kwa sababu hakuna aliyeweza kufika makaburini. Parseli nyingi za Tshopo zilifanya vivyo hivyo. Jumamosi milio ikakoma. Udongo wake ulibaki chini ya upenu, hakuna aliyethubutu kuugusa wala kuuingiza ndani, na haukuwa umechomwa ukaiva. Mvua za Septemba ziliurudisha kuwa matope, waliokaushwa juani kwanza, weusi baadaye.

Nimesoma kila nilichokipata juu ya siku zile. Tarehe 16 Juni 2000 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1304, likayataka majeshi hayo yaondoke na kusema kwamba Uganda na Rwanda zinapaswa kuwafidia watu wa Kisangani kwa maisha na mali iliyopotea. Ujumbe wa mashirika ya Umoja wa Mataifa uliotumwa kutathmini hasara ulisema raia zaidi ya 760 waliuawa na wapatao 1,700 walijeruhiwa. Miaka kumi baadaye ripoti nyingine ya Umoja wa Mataifa, ile iliyochora ramani ya uhalifu uliofanyika Kongo kuanzia 1993 hadi 2003, iliandika kwamba waliouawa ni kati ya 244 na 760. Makombora, kwa upande wake, yana hesabu isiyobishaniwa sana: zaidi ya 6,600. Ni zaidi ya elfu moja kwa siku.

Nimelikalia jambo hili muda mrefu. Makombora yamehesabika kuliko watu. Labda ni kwa kuwa shimo la kombora halizikwi usiku uleule na mama yake. Lakini kati ya 244 na 760 kuna watu 516, na mtu wetu anaweza kuwa upande huu wa mstari au upande ule. Mchezo wa mezani ukikosea kikosi kimoja, wasomaji wa jarida wataandika barua: kikosi hicho hakikuwepo siku hiyo, kilikuwa kilomita arobaini magharibi, rekebisheni. Nimezisoma barua hizo katika majarida ya rafiki yangu. Zina hasira ya watu wanaojali. Hasira hiyo ningependa kuiona kwa ajili ya 516.

Kuna waliojaribu kuwaingiza mezani watu wasio na bunduki. Mwaka 2017 mchezo wa kompyuta wa Kipolandi This War of Mine uligeuzwa kuwa mchezo wa mezani. Ndani yake mchezaji hana jeshi, ana nyumba iliyobomoka na watu wachache wenye njaa katika mji uliozingirwa, na waliotunga walikuwa wakiifikiria Sarajevo. Ni mchezo mgumu na wa heshima. Lakini Bosnia yenyewe ilifanya jambo kubwa zaidi: watafiti wake waliwatafuta waliokufa mmoja mmoja, familia kwa familia, pande zote za vita, na mwaka 2013 wakatoa kitabu chenye majina zaidi ya 95,000. Kitabu chote ni majina. Nikikifikiria naona wivu, na wivu huo siuonei haya.

Sisi tulipata hukumu. Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria za kimataifa katika ardhi ya Kongo, Kisangani ikiwemo. Kesi dhidi ya Rwanda ilikwama Februari 2006. Mahakama ilisema haina mamlaka ya kuisikiliza. Tarehe 9 Februari 2022 ikatangazwa fidia ambayo Uganda ilipaswa kuilipa Kongo: dola milioni 325, ambapo milioni 225 ni kwa ajili ya watu, milioni 40 mali, milioni 60 maliasili. Majaji walieleza kwamba ushahidi wa idadi ya waliokufa haukutosha, ndiyo maana wakatoa kiasi cha jumla badala ya kuhesabu mtu kwa mtu. Nimewasikia wanasheria wakisema hukumu hiyo ni ya kihistoria, na ni kweli. Mama aliisikiliza redioni hadi mwisho. Kisha akauliza kama wamesema lile kombora lilitoka upande gani.

Hili ndilo swali lake la miaka yote, na watu wazima hawajibu. Husema, mama, yote ni mamoja, waliompiga ni walewale. Kwake si mamoja. Anataka kujua lilitoka kaskazini ya mto au kusini, kwa sababu anayemchukia lazima awe na mahali aliposimama, na anayemwombea msamaha vilevile; mama ni Mkristo na analifanya jambo hilo kwa bidii, na amesema hawezi kuwasamehe watu bila kujua ni akina nani.

Rafiki yangu wa Liège ndiye aliyelichukua swali lile kama swali. Ilikuwa siku ya mwisho ya likizo yake, alikuja kuaga, mama akampa chai, na sijui walifikaje huko. Nilipotoka jikoni nilimkuta ametoa daftari. Alimwuliza saa ngapi. Mama akasema jua lilikuwa limepita juu ya mwembe lakini halijafika kwenye paa la Mama jirani. Alimwuliza alisikia nini kwanza, mlio wa kutoka au mlio wa kuanguka, na muda gani kati yake. Mama akafumba macho akahesabu kwa vidole juu ya goti. Alimwuliza shimo lilikuwa la duara au limevutwa upande mmoja, na udongo ulirukia wapi. Akamwuliza ukuta upi ulitobolewa. Mama akainuka, mama mwenye magoti mabovu, akatutoa nje akatupeleka hadi pale, akasimama, akanyoosha mkono. Ulirukia huku. Ukuta ulikuwa huu, tuliujenga upya, matofali haya ni mapya, yale ya chini ni ya zamani.

Alizungumza mchana wote. Katika miaka yote hiyo watu wamemwambia pole, wamemwimbia, wamemletea unga na mafuta ya mawese, wamemshika mikono. Padre amemwambia mtoto yuko mahali pema. Yote hayo ni mazuri na aliyapokea. Lakini hakuna aliyemwuliza udongo ulirukia wapi. Yeye alikuwa analo jibu, limekaa kamili ndani yake, pamoja na kivuli cha mwembe na sekunde alizozihesabu, na hakuwa na mtu wa kumpa. Rafiki yangu alimsikiliza kama anavyosoma kumbukumbu za maofisa wa Waterloo, kwa adabu ileile, akimrudisha nyuma palipokosa kueleweka: samahani mama, ulisema kushoto, kushoto kwako ukitazama mto au ukitazama mji?

Alipochora mstari wake kwenye daftari, hakumwambia mama uongo. Alisema shimo moja halitoshi. Mizinga ilibadilisha mahali, na mwelekeo wa shimo lililokwishafukiwa, unaosimuliwa baada ya miaka mingi, unaweza kukosea kwa nyuzi nyingi. Lakini mashimo ishirini, alisema, yaliyo katika mitaa iliyokaribiana, yenye siku na saa, yangeanza kusema kitu. Mashimo mia moja yangesema zaidi. Ndivyo wanavyofanya wao wanapotaka kujua betri ya mizinga ilisimama wapi mwaka 1815.

Kwa hiyo sasa kuna ramani. Iko ukutani kwetu, karatasi nne kubwa za manila zilizogundishwa pamoja, mto Tshopo juu, daraja, barabara, misioni, shule, na parseli moja moja kwa majina ya familia. Daraja peke yake limetusumbua, kwa sababu kila anayekuja ana la kusema juu yake. Usiku wa kuamkia 15 Mei 2002, baada ya maasi ya asubuhi iliyotangulia, watu waliuawa na kutupwa mtoni kutoka pale pale, na walio na wafu wa siku hiyo nao wanataka mahali kwenye karatasi. Tumewapa rangi nyingine. Hatuna vipande, hatuna dadu. Kila shimo ni msumari mdogo, kila mtu aliyekufa ni jina lenye umri na alichokuwa akikifanya: anateka maji, ananyonyesha, amelala chini ya kitanda, anarudi kutoka kumtazama mama yake. Kwa hili la mwisho nilimfuata kaka. Yeye aliwapa watu wake beseni na baiskeli na tego, na bila vitu hivyo wangekuwa donge tu la udongo.

Wazee hawakubaliani. Jumapili baada ya misa hukusanyika mbele ya ukuta, na sauti hupanda. Fundi cherehani wa kona anashikilia kwamba kombora la kwanza la Jumanne liliangukia kwa familia ya mwalimu. Mjane wa mwalimu, ambaye alikuwemo ndani ya nyumba hiyo, anasema lilikuwa la pili, la kwanza lilipiga mnazi wa jirani na halikulipuka, na watoto walilivuta kwa kamba siku ya Jumapili iliyofuata hadi mzee mmoja akawafukuza kwa fimbo. Wamelibishania jambo hilo mara nyingi na hakuna anayechoka. Juzi mjane alikuja na mwanawe mkubwa kutoka Mangobo, shahidi wake, ambaye naye akaleta jambo jipya: mnazi ulikuwa ng'ambo ya njia, siyo upande huu. Fundi alivua miwani. Tumeandika maelezo yote matatu kwa penseli, pembeni ya msumari, na mama amesema tumwite pia yule aliyekuwa mtoto wa kwanza kuishika kamba, anaendesha pikipiki huko Kabondo, atakuwa anakumbuka mnazi ulisimama wapi.